Baba samaki humwachia nini mwanawe? Alama za methili ndani ya yai

Swali hili limetoka kwa mfugaji wa Mwanza. Nimelipunguza urefu, maana yake nimeiacha:

"Shikamoo mwalimu. Nina kituo kidogo cha kutotolesha vifaranga vya sato. Mdogo wangu anasoma bayolojia chuoni. Alipokuja likizo akaniambia kwamba kwa samaki alama za methili za baba hazifutwi kama zinavyofutwa kwa binadamu, na kiinitete kizima hufuata ramani ya baba. Tangu hapo nimekosa usingizi. Kiangazi kilichopita maji ya matangi yangu yalipata joto kupita kiasi, na madume wangu wazazi walikuwa humo. Je, vifaranga wao watarithi lile joto? Hivyo vimeng'enya alivyovitaja, DNMT na TET, vinafanya kazi gani ndani ya yai? Na ile homoni tunayochanganya kwenye chakula cha vifaranga ili wawe madume, jina lake nalo lina methili. Ni kitu kilekile?"

Marahaba, dada. Nianze na la mwisho kwa sababu ndilo jepesi. Si kitu kilekile. Methili ni kipande kidogo mno cha kemia: kaboni moja iliyoshikana na haidrojeni tatu. Kimo kwenye kemikali chungu nzima, kama msumari ulivyo kwenye mlango, kwenye kitanda na kwenye jahazi, na hakuna anayesema kitanda na jahazi ni ndugu. Katika methiltestosteroni, yaani hiyo homoni unayoichanganya, kipande hicho kimegandishwa kwenye homoni yenyewe ili ini la kifaranga lisiivunje upesi inapoliwa. Hakibanduki hapo kwenda kubandikwa kwenye DNA.

Methili inayobandikwa kwenye DNA hutoka kwenye methionini, mojawapo ya asidi amino zinazojenga protini. Seli huigeuza methionini kuwa kibebaji kiitwacho S-adenosilimethionini, na vimeng'enya vya DNMT huchukua methili humo na kuibandika kwenye DNA. Dagaa wana methionini nzuri. Soya ina upungufu wake, ndiyo maana watengenezaji wa chakula cha samaki huiongezea. Ila kiinitete, yaani samaki anayejijenga ndani ya yai, bado hakijaonja chakula chako. Kinakula kiini cha yai, na kilichomo humo mama alikwisha kukiweka.

Sasa tuingie ndani ya yai.

DNA imeandikwa kwa herufi nne, na moja yao ni sitosini. Kwa wanyama wenye uti wa mgongo, methili hubandikwa hasa kwenye sitosini iliyofuatwa na guanini, herufi nyingine katika hizo nne. Herufi haibadiliki. Aliyezoea kusoma msahafu anajua zile alama ndogo za kusimama zilizo juu ya mstari: hazibadilishi neno hata moja, lakini msomaji akizifuata, kisomo chake kinakuwa kingine. Methili zikijaa mwanzoni mwa jeni, kwa kawaida jeni hiyo haisomwi. Nasema "kwa kawaida" kwa makusudi, kwa sababu katikati ya jeni mambo hugeuka, na jeni nyingi zinazofanya kazi kwa bidii zimejaa methili tumboni mwake.

Kuna jambo wanafunzi wengi hulikosa, na nadhani mdogo wako naye limempita. Kwa samaki, methili ndiyo hali ya kawaida. DNA karibu yote imefunikwa, kama pori. Kinachobeba habari ni vile viwanja vichache vilivyofyekwa, sehemu zisizo na methili, ambazo nyingi ziko penye mianzo ya jeni. Kwa hiyo mtu akikuambia "ramani ya baba", ujue ramani hiyo ni orodha ya viwanja vilivyo wazi.

Wa kwanza katika vimeng'enya vyako ni DNMT1, mnukuzi. DNA inapojinakili, kila uzi wa zamani unapata mwenzake mpya. Uzi wa zamani una alama zake, ule mpya ni mtupu. Protini iitwayo UHRF1 hupita ikitafuta mahali palipo na alama upande mmoja tu, huishika sitosini na kuipindua nje ya mstari, kisha huiita DNMT1 ije ijaze upande wa pili. Bila UHRF1, DNMT1 ni fundi asiyejua nyumba ya kazi iko wapi.

Fikiria sasa kasi inayotakiwa. Mfano ninaoutegemea ni danio, samaki mdogo mwenye mistari kama ya pundamilia, Danio rerio kwa jina la kisayansi, mwenyeji wa mito na mashamba ya mpunga ya India, Bangladesh na Nepal. Ndiye samaki aliyechunguzwa kuliko wote katika jambo hili, kwa sababu kiinitete chake kinapenya mwanga na unaweza kukitazama kikijijenga saa kwa saa. Kwenye maji ya nyuzi joto 28.5, yai lake hugawanyika mara ya kwanza baada ya dakika 45 hivi. Baada ya hapo ni kila robo saa. Ikifika saa ya tatu, tayari kuna seli karibu 1,000. Katika kila robo saa hiyo, herufi zaidi ya bilioni moja hunakiliwa na alama zake hufuatilizwa. Na katika muda huo wote jeni za kiinitete chenyewe bado zimelala! Kila kimeng'enya kinachofanya kazi kimetokana na akiba ambayo mama aliipakia kwenye yai kabla halijatoka tumboni mwake. Likumbuke hilo, nitalirudia.

Kundi la pili ni DNMT3. Hawa hawanukuu. Huweka alama mahali ambapo hapakuwa na alama. Binadamu ana DNMT3A na DNMT3B, pamoja na msaidizi wao DNMT3L asiyeweza kubandika kitu mwenyewe. Danio ana jeni sita za aina hii: dnmt3aa, dnmt3ab, dnmt3ba, na tatu zinazofanana majina, dnmt3bb.1, dnmt3bb.2 na dnmt3bb.3. Wingi huo una historia yake. Mababu wa samaki wengi wa leo wenye mifupa waliwahi kurudufu jeni zao zote kwa mkupuo, zaidi ya miaka milioni 300 iliyopita. Nakala nyingi zilipotea baadaye, nyingine zikapata kazi zake. Dnmt3bb.1, kwa mfano, hufanya kazi kwenye seli mama za damu, zile zinazozaa seli nyingine za damu. DNMT3L danio hana kabisa, na hilo lina maana kubwa nitakayoifikia.

Lipo pia jina DNMT2, ambalo vitabu vya zamani huliweka kwenye orodha hii. Lisikusumbue. Kazi yake hasa si kwenye DNA bali kwenye jamaa yake RNA, zile ndogo za kubebea asidi amino.

TET ni upande wa kufuta, lakini TET haing'oi methili kama mtu ang'oavyo msumari. Huichoma kwa oksijeni hatua kwa hatua: kwanza inakuwa hidroksimethili, kisha fomili, kisha kaboksili. Hatua hizo mbili za mwisho zinaonekana kwa mafundi wa kukarabati DNA kama uharibifu, nao huikata sitosini nzima na kuweka mpya isiyo na alama. Danio anazo tatu, tet1, tet2 na tet3. Njia nyingine ya kufuta ni ya kivivu kuliko hiyo: DNA inanakiliwa, lakini mnukuzi haji. Mgawanyiko mmoja, alama zinabaki nusu. Mgawanyiko wa pili, robo. Hakuna aliyefuta, zimeyeyuka kwa kutoandikwa.

Haya, baba na mama. Kwa panya na binadamu, mbegu ya dume ikiingia tu kwenye yai, methili zake nyingi hushambuliwa, TET3 ikiwa mstari wa mbele. Za upande wa mama huyeyuka polepole kwa njia ile ya kivivu. Kiinitete kinapokaribia kujipachika kwenye mfuko wa uzazi, kimebaki karibu uchi, na ndipo DNMT3 huanza kuandika upya. Ufutaji wa pili hufanyika baadaye, kwenye seli zitakazokuwa mayai au mbegu za kizazi kijacho.

Kwa danio wanasayansi walibishana miaka mingi. Mwaka 1999 timu ya Adrian Bird, mmoja wa wakongwe wa fani hii, iliandika kwamba haioni mabadiliko makubwa ya methili katika ukuaji wake. Mwaka 2004 wengine wakapima wakasema upungufu upo. Ubishi ulitulia mwaka 2013, vipimo vilipoweza kusoma alama herufi kwa herufi kwenye DNA nzima. Timu mbili zilichapisha kwa wakati mmoja, moja ya Beijing iliyoongozwa na Jiang Liu, nyingine ya Utah ya Bradley Cairns. Zote ziliona jambo lilelile. DNA ya mbegu ya dume ina methili nyingi kuliko ya yai, na hubaki ilivyo tangu siku ya kwanza. Ya mama hubaki ilivyo hadi kiinitete kinapofika seli 16 hivi. Kisha huanza kuachia alama zake mahali fulani na kupata mpya mahali pengine, hadi ile saa ya tatu jeni zinapoamka, ambapo mpangilio mzima unafanana na wa mbegu ya dume karibu nukta kwa nukta. Baadhi ya jeni za ujenzi wa mwili, zile za hox kwa mfano, zilikuwa zimefunikwa kwenye yai, na ndani ya saa hizo chache zinafyekewa viwanja vyake.

Hapo ndipo mdogo wako aliposikia "ramani ya baba". Hajadanganya. Lakini kuna sehemu ya pili ya utafiti ambayo watu huiruka wanaposimulia, nami naona ndiyo nzuri kuliko zote. Timu ya Utah ilitengeneza viinitete visivyo na DNA ya baba inayofanya kazi, vilivyokua kwa DNA ya mama peke yake. Kama upande wa mama ungekuwa unachungulia wa baba na kunakili, hapa ungekwama, kwa kuwa hakuna wa kuchungulia. Haukukwama. DNA ya mama ilijipanga upya na kufika palepale.

Kwa hiyo mama halipi deni la ramani kwa baba. Mpango wa viwanja umo ndani ya DNA yenyewe na ndani ya akiba ya protini aliyoiweka mama kwenye yai. Mbegu ya dume imefika tu ikiwa imekwisha kufyekwa kwa mpango huo. Yai lilikuwa na shughuli nyingine, na linafyekwa njiani.

Mwaka 2018 timu ya Cairns ilionyesha jinsi mpango huo unavyotunzwa. DNA huviringishwa kwenye mapipa ya protini yaitwayo nukleosomu. Kwenye viwanja vilivyo wazi, mapipa hayo yana histoni (protini inayojenga mapipa) ya pekee, H2A.Z, pamoja na alama nyepesi kwenye histoni nyingine. Umeona abiria anavyoweka mkoba kwenye kiti cha daladala akashuka kununua maji? Kiti hakina mtu, lakini hakuna anayekikalia. Nukleosomu hizi hufanya vivyo hivyo: haziwashi jeni, zinazuia tu methili isiingie hapo hadi mwenyewe afike. Mbegu ya dume huja na mikoba yake. Kwenye DNA ya mama mikoba huwekwa baada ya yai kurutubishwa. Ikiondolewa kwa nguvu, methili hukalia viti hivyo, na jeni ambazo zingeamka zinabaki kimya.

Nikukumbushe jambo la zamani zaidi, ambalo mfugaji atalipenda. Mwaka 1981 George Streisinger wa Chuo Kikuu cha Oregon, mtu aliyemwingiza danio kwenye maabara za dunia, alitangaza kwamba amepata danio waliotokana na mama pekee, wazima, wanaozaa. Mbegu za dume zilizotumika zilikuwa zimeuawa DNA yake kwa mwanga wa urujuanimno, kazi yake ikiwa kuamsha yai tu. Hata kwa sato jambo hilo limefanyika maabara. Kwa panya au binadamu haliwezekani hivi hivi, kwa sababu mamalia wana jeni zenye muhuri wa mzazi: moja husomwa ikitoka kwa baba tu, nyingine ikitoka kwa mama tu, na mihuri hiyo ni methili zilizowekwa kwa msaada wa ile DNMT3L ambayo danio hana. Mamalia akikosa upande mmoja, anakufa akiwa kiinitete. Samaki asiye na baba kabisa anaogelea. Ukiogopa ramani ya baba, mfikirie huyo.

Vimeng'enya hivi vikikosekana huwa nini? Kiinitete cha danio chenye kasoro kwenye dnmt1 au uhrf1 hakifi papo hapo, kwa sababu ya akiba ya mama. Kwa siku mbili tatu kinaonekana mzima. Akiba ikiisha ndipo mambo yanaharibika: macho madogo, ini lisilokua, kongosho linaloanza vizuri kisha linaoza. Uchunguzi wa uhrf1 uliochapishwa mwaka 2017 ulionyesha sababu moja ya kutisha. Zaidi ya nusu ya DNA ya danio ni mabaki ya vipande vinavyorukaruka, vingine jamaa wa virusi vya kale, vilivyofungwa kinywa na methili. Methili zikipotea vinaamka, na seli hudhani zimevamiwa na virusi, zikapiga kengele ya kinga dhidi ya virusi ambavyo havipo. Wanafunzi wanaoeleza methili kama kiwashio cha jeni ningependa waanzie hapo. Sehemu kubwa ya kazi yake ni ya askari jela.

TET kwa danio hungoja. Katika saa za mwanzo hidroksimethili ni haba sana, kwa hiyo ule ufyekaji wa upande wa mama hauonekani kuwa kazi ya TET. Zamu yake hufika karibu na saa 24, kiinitete kikiwa kimeanza kuwa na kichwa, mkia na mapigo ya moyo. Wakati huo TET hufungua vidhibiti vya jeni za viungo. Mwaka 2016 watafiti walilinganisha danio, chura Xenopus na panya, wakaona wote watatu hufanya hivyo katika hatua ileile ya ukuaji, ile ambayo viinitete vya wanyama wenye uti wa mgongo hufanana kuliko wakati mwingine wowote. Danio akikosa tet2 na tet3 pamoja, hashindwi kuwa samaki, ila anashindwa kutoa seli mama za damu ipasavyo.

Na kwa kuwa nimegusa macho, acha nipite Mexico kidogo. Yuko samaki huko, Astyanax mexicanus, ambaye jamaa zake wa mtoni wanaona na wa mapangoni ni vipofu. Kiinitete cha wa pangoni huanza kujenga jicho kama kawaida, kisha jicho hunyauka. Utafiti wa mwaka 2018 ulikuta jeni nyingi za jicho zimefunikwa kwa methili kuliko za ndugu zake, dnmt3bb.1 ikiwa imeongezeka. Viinitete vilipopewa dawa inayozuia DNMT, muundo wa jicho ulirudi kwa sehemu. Huyo ni samaki aliyefunga jicho bila kuifuta jeni.

Sasa hofu yako. Nimekuzungusha kwanza kwa sababu jibu linategemea hayo yote.

Jambo moja mdogo wako yuko sawa nalo kabisa: kwa danio hakuna ule ufutaji mkubwa, si baada ya kurutubishwa wala kwenye seli zitakazokuwa mayai na mbegu. Tafiti mbili za mwaka 2019 zilithibitisha hilo la pili. Kwa hiyo mlango ambao kwa mamalia umefungwa mara mbili, kwa danio uko wazi. Lakini mlango kuwa wazi si sawa na mtu kuingia. Na danio si samaki wote. Medaka, samaki mdogo wa mashamba ya mpunga ya Japani ambaye kwa macho ungemweka kapu moja na danio, ameonyesha ufutaji unaokaribia wa mamalia. Kama hawa wawili hawafanani, mimi sithubutu kuchukua kanuni ya danio na kuipachika kwa sato wako.

Joto na methili vina uhusiano wa kweli, ila tazama ni joto la nani. Kwa samaki wa bahari za Ulaya Dicentrarchus labrax, timu ya Francesc Piferrer ya Barcelona ilionyesha mwaka 2011 kwamba vifaranga wanaokulia kwenye maji ya joto katika majuma ya mwanzo hupata methili zaidi mbele ya jeni ya aromatasi, kimeng'enya kinachogeuza homoni ya kiume kuwa ya kike. Jeni ikizimwa, jike hukua dume. Kwa sato joto nalo hugeuza: maji yakipita nyuzi 34 hivi katika siku zile ambapo kifaranga bado hajaamua jinsia yake, takriban kuanzia siku ya 10 baada ya kurutubishwa, baadhi ya familia hutoa madume wengi kuliko kawaida, na methili kwenye viungo vyake vya uzazi hubadilika. Joto linalosemwa hapo ni la kifaranga mwenyewe, halikutoka kwa baba.

Upo mfano mmoja ambao ningekuwa mwongo nikikuficha. Kuna samaki bapa wa China, jamii ya gayogayo, Cynoglossus semilaevis, ambaye jike ana kromosomu za jinsia ZW na dume ana ZZ. Kwenye nyuzi 22, karibu asilimia 14 ya hao ZW hugeuka madume. Kwenye nyuzi 28 hupita asilimia 70. Utafiti wa mwaka 2014 ulikuta kwamba madume hao wa kugeuzwa wakizaa, watoto wao wa ZW hugeuka madume kwa wingi hata wakilelewa kwenye maji ya kawaida, nao wana mpangilio wa methili wa baba yao kwenye jeni za jinsia. Kwa hiyo inawezekana. Lakini huyo baba hakupata joto ukubwani. Alipata joto akiwa mchanga, likambadilisha mwili mzima na jinsia, na mbegu alizotoa ni za mwili uliokwisha kubadilika. Dume wako aliyekuwa mzima, korodani zake zikifanya kazi, akapata kiangazi kibaya, ni kisa kingine.

Kisa kinachokaribia cha kwako naona ni cha samoni wa Kanada. Mwaka 2017 wachunguzi walilinganisha samoni wa vituo vya kutotolesha na wa porini kwenye mito miwili ya British Columbia. Jeni zao hazikutofautiana kwa maana yoyote, ila methili zao zilitofautiana, na kwa namna inayofanana kwenye mito yote miwili. Malezi ya tangini yameacha alama. Kama mimi ningekuwa na kituo, hilo lingenishughulisha kuliko kiangazi kimoja.

Na kwetu? Nenda Rungwe, kwenye ziwa la kreta la Masoko, ambalo wenyeji huliita pia Kisiba. Humo mna samaki Astatotilapia calliptera, ndugu wa mbali wa sato wako, aliyegawanyika makundi mawili: wa kandoni na wa kilindini, chakula mbalimbali, rangi mbalimbali. Jeni zao bado zinakaribiana sana. Methili za maini yao zimeachana. Watafiti walipolea watoto wao katika mazingira ya aina moja maabara, sehemu ya tofauti hizo ilifutika mara moja na sehemu nyingine ikakataa kufutika. Matokeo yalichapishwa mwaka 2022. Huyo naye hatupi kanuni ya sato, lakini anaonyesha kwamba kwa samaki mmoja alama nyingine ni za msimu na nyingine ni za ukoo, na huwezi kuzitenga kwa kutazama mwili.

Kwa hiyo usiwachinje madume wako. Mbegu za sato hupikwa upya ndani ya majuma machache. Zilizokuwemo wakati wa lile joto zimekwisha kutoka. Wape maji mazuri, chakula cha kutosha, subiri mwezi mmoja au miwili ndipo uwazalishe. Paulia tangi la vifaranga kabla ya tangi la wazazi, maana kifaranga ndiye mwenye siku za hatari.

Na kama moyo bado haujatulia, lipime jambo lenyewe. Chagua dume mmoja aliyepitia joto na mmoja asiyepitia, mpe kila mmoja majike kutoka kundi moja. Chukua vifaranga sawa kwa idadi kutoka kila upande, walee kwenye maji ya chanzo kimoja, na hao usiwape homoni, vinginevyo hutaona chochote. Weka kipimajoto ndani na uandike asubuhi na alasiri. Kwenye miezi mitatu au minne, chukua angalau 50 wa kila upande, toa kipande cha kiungo cha uzazi, kiponde juu ya kioo kwa tone la asetokarmini, rangi ya kuonyeshea seli, na ukitazame kwa darubini. Mdogo wako ameshafundishwa hilo, na anaonekana ana likizo ndefu. Ukikuta pande zote zinakaribia nusu kwa nusu, lala. Ukikuta upande wa joto umeelemea madume waziwazi, rudia kwa madume wengine watatu au wanne kabla ya kuniandikia, kwa sababu familia za sato hutofautiana jinsia hata bila joto lolote, na dume mmoja peke yake hawezi kuwa shahidi.